Ram zimepanda mara tatu, hivi zitashuka tena au ndio basi?

DadaEdita_Moro

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu maana hili jambo nimekaa nalo wiki ya pili sasa sipati jibu.

Mimi niko Morogoro, kazi yangu ni kuediti video za harusi, sendofu, kicheni pati, vipaimara, maulidi, chochote kinachokuja. Mashine yangu ni ya mezani, nilifungiwa na fundi 2022, prosesa ni Core i5 ya kizazi cha 10, ram, yaani memori ya kufanyia kazi, ni kijiti kimoja cha GB 16 cha DDR4 (kizazi cha nne cha ram) na sloti nyingine iko wazi. Zamani ilinitosha kabisa lakini siku hizi wapiga picha wananiletea 4K za kamera tatu kwa mpigo, nikizipanga kwenye taimlaini picha inakwama, sauti inatangulia, nabonyeza kitufe nasubiri mpaka chai inapoa.

Mwezi wa 8 mwaka jana niliulizia Kariakoo kijiti cha GB 16 nikatajiwa 115,000. Nikasema ngoja kwanza nimalize ada ya mtoto, ram haikimbii. Juzi nimepiga simu duka lile lile naambiwa 340,000. Nikamwambia kaka nataka kimoja sio vitatu, akasema dada bei hiyo ni ya kimoja. Nikajaribu maduka mengine mawili, moja likasema 325, lingine likasema hawana kabisa na mzigo ukija hawajui utakuja na bei gani.

Sasa naomba kueleweshwa, hii ni kodi, ni dola, au wenye maduka wameamua tu kutukamua? Na je zitashuka? Maana nina harusi sita mpaka Pasaka na kila mtu ananipa ushauri wake, mmoja ananiambia subiri mwingine ananiambia kakope ununue leo.

MzigoWaDubai

Dada nunua leo. Wiki mbili zilizopita nilikuwa Bur Dubai ile mitaa ya kompyuta, watu wa jumla walikuwa wanakupa bei ya asubuhi na ukirudi mchana imeshabadilika, wengine hawakuuzii zaidi ya vijiti kumi. Mwenye duka Kariakoo hajapanga hiyo bei, yeye kaikuta huko.

FundiMazabodi

Dada pole sana, na usikimbilie kukopa kabla hujaelewa kinachoendelea maana ukielewa utaamua mwenyewe kwa utulivu.

Kwanza sio kodi. VAT yetu ni asilimia 18 ile ile ya mwezi wa 8 ulipoulizia. Na sio dola, dola haijapanda mara tatu. Tatizo liko viwandani kabisa, tena viwanda vyenyewe ni vichache mno. Dunia nzima ram zinatengenezwa hasa na kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani. Kuna Wachina wanakuja, kampuni inaitwa CXMT, lakini bado hawajafikia kuiziba dunia nzima. Yale majina mengine yote unayoyaona kwenye maboksi pale dukani, yenye mataa na mabati ya kupendeza, wale wananunua chipu kwa hao watatu wanazibandika kwenye kijiti wanauza. Kwa hiyo hao watatu wakigeuka kidogo tu sisi wote tunatikisika.

Na safari hii wamegeuka kwa sababu ya akili mnemba. Zile seva, yaani kompyuta kubwa zinazoendesha hizo programu za kuongea na kuchora zinatumia ram ya aina yake inaitwa HBM, yaani chipu zinapangwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye hotpoti halafu zinakaa ubavuni mwa prosesa. Chipu zote zinakatwa kwenye sahani za silikoni, watu wa viwandani wanaziita weifa, na ili kupata GB moja ya HBM unatumia eneo la weifa kama mara tatu ya lile ambalo lingekupa GB moja ya DDR5 ya kawaida, Micron wenyewe wamelisema hilo. Sasa fikiria una shamba moja, mazao ya kwanza yanakula eka tatu, ya pili yanakula eka moja, lakini ya kwanza mnunuzi wake ni tajiri analipa mapema na anataka yote uliyonayo. Utalima nini? Mwezi wa 10 mwaka 2025 Samsung na SK Hynix walisaini makubaliano ya awali na OpenAI, wale wenye ChatGPT, na kiwango kilichotajwa kilikuwa mpaka weifa 900,000 kwa mwezi. Hata kama haitafika huko, soko liliposikia hiyo namba kila mwenye oda alikimbia kuwahi, wa simu, wa laptopu, wa magari, wote.

Halafu mwezi wa 12 mwaka huo huo Micron wakatangaza kuifunga Crucial, chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida kama mimi na wewe, iliyoanza 1996. Hizo ndizo nilikuwa nawafungia wateja wangu wengi sababu zilikuwa hazisumbui. Nilivyosoma ile taarifa nilisikia vibaya kwa kweli, maana maana yake ni kwamba mteja wa kijiti kimoja hana thamani tena mbele ya mwenye data senta, yale majengo yaliyojaa seva.

Na wewe una bahati mbaya ya pili, ram yako ni DDR4. Hiyo viwanda vilikuwa vimeshaanza kuipunguza kupisha DDR5, katikati ya 2025 palifika mahali chipu za DDR4 zikawa ghali kuliko DDR5 kwenye soko la papo kwa papo. Kitu cha zamani kikawa ghali kuliko kipya kwa sababu hakizalishwi sana ila mashine zinazokihitaji bado ni mamilioni.

Kushuka zitashuka. Ila sio mwezi ujao.

Luthuli254

Hata huku Nairobi ni hivyo hivyo, niko na duka ndogo ya kompyuta na sai nikiandika quotation nairuhusu kwa masaa 48 pekee, zamani ilikuwa inakaa mwezi mzima. Wateja wananiona kama mwizi na inaniuma kwa sababu wengine ni watu tumejuana kitambo.

Nataka niongeze kitu moja kuhusu kushuka. Januari 2024 dola hapa Kenya ilifika karibu shilingi 160, halafu ndani ya miezi michache ikarudi karibu 130. Watu wakaja dukani wakisema dola imeshuka mbona laptopu haijashuka? Jibu ni kwamba ile mzigo ilikuwa kwa shelfu nilinunua na dola ya 160, nikiuza kwa bei ya dola ya 130 nafunga duka. Ilibidi imalizike kwanza. Na hata ikimalizika, kama jirani bado anauza bei ya juu na watu wananunua, si rahisi mtu awe wa kwanza kupunguza. Kwa hivyo hata siku Korea itashusha bei, hesabu miezi mitatu minne hivi ndio uione Moi Avenue, na nadhani Kariakoo ni vile vile. Kupanda ni mara moja kwa sababu mwenye duka anajua akiuza kwa bei ya jana hawezi kununua mzigo ya kesho.

MzeeWaDiski

Nimewasoma vijana wangu, nami nichangie kidogo kwani nimekuwa kwenye biashara hii tangu enzi za disketi na nimeona bei zikipanda na kushuka mara nyingi tu.

Mwaka 1993, tarehe 4 mwezi wa 7, kiwanda kimoja cha Sumitomo Chemical kule Niihama Japani kililipuka. Hakikuwa kiwanda cha chipu, kilikuwa kinatengeneza gundi, ile resini nyeusi inayofunika chipu, ila kilikuwa kinatoa zaidi ya nusu ya resini hiyo ya dunia. Bei za ram ziliruka ndani ya wiki chache kabla hata ya mtu kukosa chipu, yaani hofu ilifika sokoni mapema kuliko upungufu wenyewe. 1999 tetemeko la Taiwan, zikaruka tena. 2013 moto kwenye kiwanda cha SK Hynix kule Wuxi China, zikaruka tena. Zote hizo zilirudi chini.

Lakini iliyonigusa mimi ni mafuriko ya Thailand 2011. Wakati ule nilikuwa nauza diski za kompyuta (hard disk) kwa jumla na Thailand ndiyo ilikuwa ya pili duniani kwa kuziuza nje. Mwezi wa 10 maji yakaingia viwanda vya Western Digital pale Bang Pa-in, na wale wanaotengeneza mota ndogo za kuzungusha diski nao wakazama, kwa hiyo hata Seagate ambao viwanda vyao havikuingia maji wakakosa vipuri. Bei zikapanda mara mbili na zaidi. Mimi nilikuwa na oda ya shule moja, diski arobaini, nilishawapa bei kwa maandishi na nimeshachukua nusu ya hela. Nilizinunua kwa bei mpya nikawapelekea kwa bei ya zamani. Hasara ile niliilipa mwaka mzima, ila shule ile ilibaki mteja wangu.

Sasa la kujifunza, binti yangu: kiwanda kilianza kuwaka tena mwisho wa mwezi wa 11 mwaka huo huo, lakini bei ya diski kurudi ilipokuwa ilichukua kama miaka miwili. Na waranti nazo zilikatwa, kuna diski zilizokuwa na miaka mitatu zikawa na mmoja. Kwa hiyo anayekuambia subiri muulize, nisubiri kwa kula nini?

SinaImaniNao

Samahanini lakini mnawatetea sana hawa watu wa viwanda. Kila mwaka kuna sababu, mara moto, mara maji, mara akili mnemba. Kampuni tatu zinashika soko lote, mnategemea nini? Hawa walishakamatwa Marekani kwa kupanga bei, Samsung walilipa faini ya dola milioni 300 mwaka 2005, Hynix milioni 185, Infineon wa Ujerumani milioni 160 mwaka mmoja kabla. Micron waliponea kwa sababu walitoboa siri. Sio hadithi, walikiri makosa. Kwa hiyo mimi nasema bei inapanda sababu wanaweza kuipandisha, na tutaendelea kulipa.

FundiMazabodi

@SinaImaniNao hiyo ya faini ni kweli kabisa na watu wasiisahau. Ila angalia upande wa pili, kama wangekuwa na uwezo wa kushikilia bei wapendavyo, ya 2023 isingetokea. Kipindi cha korona watu wote walinunua laptopu za kufanyia kazi nyumbani, viwanda vikaona hela, vikafyatua chipu usiku na mchana, halafu 2022 watu wakawa wameshanunua. Maghala yakajaa. Bei zikaanguka vibaya, 2023 kitengo cha chipu cha Samsung peke yake kilipata hasara ya zaidi ya trilioni 14 za won. Ndipo wakapunguza uzalishaji, na ndio maana akili mnemba ilipokuja na njaa yake iliwakuta wamefunga mkono. Huko nyuma wapo waliokufa kabisa, Qimonda wa Ujerumani walifilisika 2009, Elpida wa Japani 2012. Ndio tukabakiwa na hawa watatu.

Hivi ndivyo inavyozunguka: bei ikipanda wote wanajenga viwanda, kiwanda kinachukua miaka miwili mitatu na mabilioni ya dola, vikija kukamilika vinakamilika kwa pamoja, chipu zinajaa, bei inaanguka, wanaumia, wanapunguza, na safari inaanza upya. 2017 zilipanda hivi hivi watu wakasema ndio basi, 2019 nilikuwa nauza GB 8 kwa bei ambayo mwaka mmoja nyuma ungepata GB 4. Grafiki kadi nazo, yaani kadi za picha za kompyuta, RTX 3080 ilitoka 2020 kwa dola 699 na haikupatikana kwa bei hiyo, ilikuwa inauzwa mara mbili yake sababu ya wachimba sarafu za kidijitali, ila Ethereum, moja ya sarafu hizo, walipobadilisha mfumo wao tarehe 15 mwezi wa 9 mwaka 2022 uchimbaji ule ukaisha siku moja na kadi za mtumba zikamwagika sokoni.

Kwa hiyo naamini zitashuka, ila viwanda vipya vinavyojengwa sasa hivi matunda yake mengi ni kuanzia 2027 huko. Labda hao wa data senta wapunguze oda zao ghafla, hapo itakuwa haraka zaidi. Na DDR4 yako dada usiitegemee sana kwenye hiyo hesabu, hata viwanda vikiongezeka haviongezeki kwa ajili yake. Hiyo itashuka kwa njia nyingine, watu wakihama kwenda DDR5 na maofisi huko nje yakitupa mashine zao, mtumba utajaa. DDR3 ilikuwa hivyo hivyo, leo fundi anakupa bure ukimnunulia soda.

Sasa tuache dunia turudi kwako. Kabla hujatoa laki tatu na nusu fanya hivi, fungua mradi mzito kuliko yote, uache taimlaini inacheza, bonyeza Ctrl na Shift na Esc, nenda kwenye ukurasa wa pafomansi. Niambie memori imefika ngapi, na diski inasoma asilimia ngapi, na video zenyewe ziko kwenye diski ipi.

DadaEdita_Moro

Asanteni sana, wallahi nimejifunza mambo ambayo hakuna aliyewahi kunieleza. Mzee wangu ile ya shule imenigusa.

Fundi nimefanya ulivyosema. Memori ni 13.1 kati ya 15.9. Prosesa inagonga 100 muda wote, inashuka inapanda 97, 100, 98. Diski ni ile D, video zote ziko hapo, ni hard disk ya kuzunguka ya TB 2 nayo iko 100 ina rangi imekolea mpaka juu, na ukiweka sikio karibu na kava unaisikia inakwaruza tik tik tik kama kuku anadonoa bati. Windozi iko kwenye SSD ndogo (diski isiyozunguka) ya GB 240.

FundiMazabodi

Basi ram sio adui yako wa kwanza. GB 13 kati ya 16 ni imebanwa lakini haijajaa. Kinachokuua ni video tatu za 4K kusomwa kwa pamoja kwenye diski moja ya kuzunguka, kile kichwa kinaruka huku na kule ndio hiyo tik tik unayoisikia, na prosesa nayo inahangaika kuzifungua.

Tengeneza proksi. Programu yako iwe Premiere iwe DaVinci Resolve zote zinaweza, inakutengenezea nakala nyepesi za kila klipu, chagua 720p, zihifadhi kwenye SSD ya GB 240 kama ina nafasi ya kutosha. Unaediti kwa nakala nyepesi, ukimaliza unatoa kazi kwa zile za 4K zenyewe. Iache itengeneze usiku ukiwa umelala. Haigharimu hata shilingi.

MzigoWaDubai

Nakubaliana na fundi, mimi nilijibu haraka bila kuuliza mashine ikoje. Samahani dada.

DadaEdita_Moro

Wakuu nimerudi. Nimefanya proksi za harusi ya juzi, ilichukua kama masaa manne usiku. Asubuhi nimefungua, kamera tatu zinacheza pamoja bila kukwama, nimekata ukumbi mzima kuanzia maharusi kuingia mpaka keki kabla ya adhuhuri. Kazi hiyo zamani ilikuwa inakula siku mbili. Nimekaa hapa namshukuru Mungu na ninyi pia.

Memori bado inafika 14 nikifungua na programu ya picha kwa pamoja, kwa hiyo nimefikiria kununua kijiti kidogo cha mtumba cha GB 8 nisogee wakati nasubiri hiyo 2027. Kuna winga (dalali) mmoja kaniletea picha mbili kwenye WhatsApp, cha kwanza ni GB 16 anakiuza 120,000 na cha pili ni GB 8 anakiuza 105,000. Cha GB 16 naona kama ni bahati, nikichukue?

FundiMazabodi

Usitume hela kwanza. Tazama picha ya hicho cha GB 16, kwenye stika kuna maandishi yanaanza na PC4, soma mpaka mwisho uniandikie hapa.

DadaEdita_Moro

Cha GB 16 kimeandikwa PC4-2400T-R halafu namba nyingine. Cha GB 8 kimeandikwa PC4-2666V-U.

FundiMazabodi

Hiyo R ni ram ya seva. Kwenye mazabodi yako, ile bodi kuu ya mashine, haitawaka kabisa, na bei itakuwa ya chini hivyo sababu wenye mashine za kawaida hawawezi kuitumia. Wengi wanapigwa hapo na winga mwenyewe pengine hajui. Chukua hicho chenye U, hiyo ndiyo ya mashine za kawaida. GB 16 na 8 zitafanya kazi pamoja bila shida, utakuwa na 24.

Mwambie akupe siku saba za kurudisha na aandike kwenye risiti. Ukikipata, zima mashine chomoa waya, futa yale meno ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha penseli taratibu mpaka yang'ae, kipulize, kichomeke mpaka usikie vibana vya pembeni vinalia ta. Halafu weka MemTest86 kwenye flashi, ya bure inatosha, uiwashe usiku iache imalize raundi zote nne. Ukiona mstari mwekundu hata mmoja, chomoa kile cha zamani ukipime hiki kipya peke yake, na kikirudia mrudishie asubuhi hiyo hiyo.

DadaEdita_Moro

Sawa fundi. Amekubali siku saba, kinakuja na basi la kesho saa nne.